Yeyusha, toa, fua, subu: vitenzi vya kazi ya chuma

Kitenzi *yeyusha* kina maana ya kukifanya kitu kigumu kiwe majimaji kwa joto: nta, barafu, risasi. Kwa mazoea hutumika pia kueleza kazi ya tanuri za jadi, kama katika sentensi "Wafipa waliyeyusha chuma". Matumizi hayo yanahitaji uangalifu, kwa kuwa yanaficha kilichotendeka ndani ya tanuri.

Ufipa, kusini mwa milima ya Mwese, ulisifika kwa tanuri za udongo ziitwazo *malungu*, zenye kimo cha mita 3 hivi, zilizovuta hewa zenyewe pasipo mivukuto. Ndani yake mlipangwa mkaa na mtapo. Mtapo huo ni oksidi, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Mkaa ulipoungua ulitoa monoksidi ya kaboni, nayo ikaipokonya oksidi oksijeni yake:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, ilhali tanuri za aina hii hufanya kazi kwa takriban nyuzi 1200. Kilichoyeyuka, basi, ni mavi ya chuma, yaani takataka za mtapo. Chuma chenyewe kilibaki bonge gumu lenye matundu. Bonge hilo lilisafishwa katika tanuri ndogo yenye mivukuto, kisha mhunzi akalifua kuwa jembe au shoka.

Linganisha na mchanganyiko wa oksidi ya chuma na unga wa alumini utumikao kuunga reli. Alumini huinyang'anya oksidi oksijeni kwa nguvu, joto hupita nyuzi 2000, na chuma hutiririka. Hapo *yeyuka* ni mahali pake.

Matumizi yanayopendekezwa

*Yeyusha*: geuza kigumu kuwa majimaji.
*Toa chuma katika mtapo*: tenga chuma na oksijeni.
*Fua*: piga chuma cha moto kwa nyundo ili kukipa umbo.
*Subu*: mimina metali iliyoyeyuka katika kalibu.

Kwa hiyo andika: "Wafipa walitoa chuma katika mtapo kwa mkaa." Mwanafunzi anayesomeshwa "waliyeyusha" atadhani siri ilikuwa ukali wa moto peke yake, na mkaa ataufanya kuni tu, kumbe mkaa ndio uliokuwa nusu ya kemia yenyewe.