Kapteni John Parker, Mkulima wa Lexington

Jiwe lililosimikwa kwenye uwanja wa Lexington, jimboni Massachusetts, linamnukuu John Parker akitoa amri ya kishujaa: watu wake wasibanduke, wasifyatue risasi kabla ya adui, na kama vita haviepukiki basi vianzie papo hapo. Ushahidi wa Parker mwenyewe hausemi hivyo. Siku 6 baada ya mapigano ya hapo ya Aprili 1775, alikula kiapo na kueleza kwamba aliwakusanya mgambo washauriane, wakakubaliana wasiwachokoze askari wa Mfalme wa Uingereza, na askari hao walipotokea ghafla aliwaamuru watu wake watawanyike, wasifyatue. Kiapo hicho nacho kilikuwa na kazi yake, kuuonyesha ulimwengu kwamba Waingereza ndio wachokozi. Hata hivyo nakiamini kuliko jiwe, kwa sababu kinalingana na maisha ya mtu huyu.

Alizaliwa hapo hapo Lexington mwaka 1729. Alilima, na alikuwa na karakana ya kutengeneza zana za shambani. Yeye na mkewe Lydia walijaliwa watoto 7. Uaskari haukuwa kazi yake. Sheria ya Massachusetts, wakati huo koloni la Uingereza, ndiyo iliyowataka wanaume wa miaka 16 hadi 60 wawe mgambo, kila mtu na bunduki yake, na wenzake ndio waliomchagua kuwa kapteni. Kufikia masika ya 1775 alikuwa anaumwa kifua kikuu.

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili, Paul Revere alifika kwa farasi na habari kwamba jeshi la Waingereza limetoka Boston, linaelekea Concord kukamata silaha. Mgambo wakakusanyika. Saa zikapita, baridi ikawa kali, Parker akawaruhusu waondoke ila wasikilizie ngoma. Wengine walirudi makwao, wengine wakajihifadhi katika nyumba ya wageni ya Buckman, kando ya uwanja. Alfajiri kijana William Diamond akaipiga ngoma, wakasimama watu kama 77. Waliowajia walikuwa kikosi cha mbele cha jeshi la watu 700 hivi.

Tuitazame safu ile kwa macho ya kapteni wake. Yumo Jonas Parker, binamu yake mwenye umri mkubwa kuliko yeye. Wamo majirani waliokuwa wakisali naye katika kanisa moja, na baba na wana wao. Yumo Prince Estabrook, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa familia ya mji huo. Mkulima anayewajua wote kwa majina angewezaje kuwaamuru wafe pale? Bado bunduki zililia. Mgambo 8 waliuawa na 10 wakajeruhiwa, Estabrook akiwa miongoni mwa majeruhi. Jonas alipigwa risasi, kisha akamaliziwa kwa singe.

Mchana wa siku hiyo hiyo Parker aliwapanga upya waliobaki, akalivizia jeshi lile likirudi kutoka Concord, karibu na mpaka wa Lincoln. Wanaakiolojia wamechimbua risasi mahali hapo. Ugonjwa haukumpa nafasi ya mengi zaidi: alifariki Septemba mwaka huo, akiwa na miaka 46.

Estabrook aliendelea kupigana, akapata uhuru baada ya Vita vya Uhuru vya Marekani. Lakini utumwa wenyewe ulibaki Marekani, na hapo ndipo mjukuu wa kapteni, mchungaji Theodore Parker, alipoushika urithi wa babu. Mwaka 1850, sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka ilipopitishwa, alishiriki kuwaficha William na Ellen Craft waliotoroka Georgia, akawafungisha ndoa jijini Boston. Kisha akamwandikia Rais Millard Fillmore waziwazi kwamba hawezi kuwatoa hao waumini wake, na kwamba anaandika huku bunduki ya babu yake imetundikwa kando yake. Bunduki hiyo aliiachia Massachusetts kwa wosia, pamoja na nyingine ambayo babu aliipokonya kwa askari wa Kiingereza siku ile, na zote mbili zimo katika ukumbi wa Seneti ya jimbo.