Dawa za Kuhara Damu katika Kibondo na Kasulu

Kuhara damu ni jina moja lililobeba maradhi mawili. Moja huletwa na amiba, kijidudu alichokieleza Lösch mjini St. Petersburg mwaka 1875. La pili huletwa na bakteria aliyoigundua Kiyoshi Shiga huko Japani mwaka 1897. Warundi husema amacinya, na Kiha ni ndugu ya Kirundi. Lakini jina hilo nalo halitengi aina hizo mbili. Damu ni ile ile, dawa ni mbali mbali.

Mwaka 1912 Leonard Rogers alionyesha huko Calcutta kwamba sindano ya emetini, itokanayo na mzizi wa ipekakuana, huponya kuhara damu kwa amiba. Tangu miaka ya 1960 metronidazoli imeshika mahali pake. Dawa hizo hazifai kitu kwa maradhi ya Shiga. Hayo yalitibiwa kwanza kwa salfa, kisha tetrasaiklini na ampisilini, na kila moja ilifika siku yake ya kushindwa.

Mwaka 1979 maradhi ya Shiga yalizuka Zaire, yakaenea Rwanda, Burundi na magharibi ya Tanzania. Bakteria ilikuwa imekwisha kuzizoea dawa za kawaida, ndipo asidi ya nalidiksi ikategemewa. Nayo, ilipofika miaka ya 1990, ikaanza kushindwa. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, Warundi walimiminika Kibondo na Kasulu kwa maelfu. Makambini maji yalikuwa haba na watu wamesongamana, na kuhara damu kukawa miongoni mwa maradhi yaliyowaua. Siprofloksasini ilikuwa ikiponya bado, lakini bei yake wakati huo ilikuwa kubwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba hakuna dawa iliyotafutwa kuzuia damu yenyewe: damu hukoma vidonda vya utumbo mpana vinapopona. Dawa za kufunga tumbo, kama kodeini, humdhuru mgonjwa, kwani huzuia utumbo usitoe sumu.

Basi mganga asiye na darubini afanyeje, naye amepewa jina moja tu? Shirika la Afya Duniani limeagiza aanze kwa kutibu maradhi ya Shiga, na amiba ifikiriwe endapo dawa mbili zifaazo zimeshindwa. Hivyo kanuni ya tiba imefanya kazi ambayo lugha haikuifanya: imeyatenga maradhi ambayo jina limeyaunganisha.