Mguu ndani, mguu nje: ugomvi wa kamba katika kriketi fupi



Juma lililopita nilipeleka simu kuchaji, nikakuta vijana wanne wameinamia kioo kimoja wanabishana. Nilidhani ni kabumbu. Kumbe ni kriketi, ule mchezo ambao wengi wetu hapa Kivu tuliuona kwa askari wa MONUSCO kutoka India na Pakistan, wakipiga kampira kadogo kwa ubao. Kijana mmoja alikuwa anaapa: "Amekanyaga kamba!" Mwingine: "Hajakanyaga, rudisha nyuma uone!" Nikaahidi kuandika, kwa sababu ugomvi wao una historia ndefu kuliko walivyodhani.

Kwa asiyeujua mchezo: uwanja umezungukwa na kamba. Mpira ukibiringika hadi kuigusa au kuivuka, timu ya mpigaji inapata mikimbio 4. Ukivuka hewani, 6. Lakini mdakaji akiushika kabla haujagusa chini, naye yuko ndani, mpigaji anatoka. Akiushika huku kisigino kimegusa kamba, basi ni 6. Kati ya kutoka na kupata 6 kuna upana wa kidole.

Katika mechi za zamani, zinazochezwa siku 5, jambo hili halikusumbua sana. Muda ulikuwepo. Ugomvi ulikuja na mechi fupi, ambapo kila timu inapewa idadi maalum ya ova, na ova moja ni mipira 6. Hapo kila mkimbio una bei.

Tarehe 28 Novemba 1979, mjini Sydney, Uingereza ilicheza na West Indies. Ukabaki mpira mmoja tu, na West Indies walihitaji mikimbio 3 ili washinde. Kapteni wa Uingereza, Mike Brearley, akawatuma wachezaji wake wote wakasimame ukingoni, hata David Bairstow, mlinda wiketi, ambaye kazi yake ni kukaa nyuma ya mpigaji. Fikirieni kocha anayemwondoa kipa golini! Katikati akabaki mrushaji, Ian Botham. Colin Croft akaukosa mpira, wiketi ikaanguka, Uingereza ikashinda kwa mikimbio 2. Wengi walikasirika, lakini Brearley hakuvunja sheria yoyote. Hakuna aliyekuwa ameandika kwamba haifai.

Msimu uliofuata, huko Australia, lilichorwa duara katikati ya uwanja na kuamriwa kwamba idadi fulani ya wachezaji lazima wabaki ndani yake. Leo, katika mechi za ova 20, kwa ova 6 za kwanza ni wadakaji 2 tu wanaoruhusiwa kuwa nje ya duara, na baada ya hapo wasizidi 5. Mkiona nafasi kubwa iko wazi nyuma ya mrushaji, mjue chanzo chake ni hasira za aina ile.

Mechi za ova 20 zenyewe zilianza Uingereza mwaka 2003, kwa ajili ya watu waliotoka kazini jioni na wasio na siku 5 za kukaa uwanjani. Wazee wa mchezo walisema hii si kriketi, ni kelele. Mimi siwaungi mkono, na sababu yangu ni watu wa Afghanistan.

Mwezi mmoja baada ya mechi ile ya Sydney, majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Mamilioni walikimbia, wengi wakaenda Pakistan. Katika kambi za karibu na Peshawar watoto wao waliona kriketi, wakaianza kwa walichokuwa nacho. Mwaka 2008 timu yao ya taifa ilikuwa katika daraja la tano la mashindano ya dunia. Ikashinda huko Jersey, ikapanda. Oktoba ya mwaka uleule ikaja Dar es Salaam kucheza daraja la nne, ikashinda tena. Mwaka 2010 ilikuwa kwenye Kombe la Dunia la ova 20. Mechi yao ya kwanza ya siku 5 waliipata mwaka 2018. Mchezo mfupi ndio uliowafungulia mlango, na Juni 2024 wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Walifungwa na Afrika Kusini, ambao wakaenda fainali dhidi ya India huko Barbados, tarehe 29 Juni. Na hapo ndipo ilipotoka video ya wale vijana. Ova ya mwisho, Afrika Kusini wanahitaji 16. David Miller anaupiga mpira wa kwanza juu, kila mtu anaona ni 6. Suryakumar Yadav anakimbia kandokando ya kamba, anaudaka, anaona mbio zinamtoa nje, anaurusha juu, anatoka, anarudi ndani, anaudaka tena. Waamuzi wakasema Miller ametoka. India ikashinda kwa mikimbio 7. Mashabiki wakaonyesha alama nyeupe kwenye majani nyuma ya mito ya sponji inayoweka mpaka, wakidai mito imesogezwa. Mabishano hayo hayajaisha, na sidhani yataisha.

Lakini udakaji uliobadilisha sheria si huo. Ni wa Michael Neser, Brisbane, tarehe 1 Januari 2023. Jordan Silk alipiga, Neser akadaka, akaurusha juu kabla hajatoka. Mpira nao ukaenda nje ya kamba. Akaufuata huko nje, akaruka, akiwa angani akaupiga kurudi uwanjani, akatua nje, akakimbia ndani na kuudaka. Sheria ya wakati ule iliangalia kama mguu uko chini nje ya kamba wakati mkono unagusa mpira. Neser alikuwa hewani, basi ni halali. Mtu angeweza kurukaruka nje ya uwanja kama sungura, mradi asiguse mpira akiwa amekanyaga chini.

Zamani hili lisingewezekana mahali ambapo mpaka ulikuwa ni ua wenyewe. Huwezi kupita ndani ya mbao ukarudi. Ilipowekwa kamba mbele ya ua, ili watu wasijigonge, ndipo nafasi ile ya nje ikazaliwa.

MCC, klabu ya London inayotunza sheria za kriketi, ilikubali kwamba watazamaji wengi waliona udakaji wa namna ile si wa haki. Sheria mpya ilianza kutumika katika mechi za kimataifa Juni 2025, na katika kitabu cha MCC inaingia Oktoba 2026. Mdakaji aliyekwisha kutoka nje anaweza kuugusa mpira angani mara moja tu, kisha lazima atue ndani ya uwanja. Hata akimrushia mwenzake, yeye mwenyewe awe amerudi ndani.

Kwa hiyo, jibu kwa yule kijana aliyeapa: Yadav aliurusha mpira akiwa ndani, akaungoja ndani. Hata kwa sheria mpya Miller ametoka. Silk angebaki anacheza, lakini kitabu cha mechi ile bado kimeandika: amedakwa na Neser.