Manyata, Bweni na Kambi: Makazi ya Wanafunzi na Lugha Yao katika Bonde la Ufa la Kati

Wachunguzi wa historia ya Kiswahili nchini Kenya wamezoea kuitafuta lugha hii mahali patatu: sokoni, jeshini na darasani. Mahali pa nne, yaani pale alalapo mwanafunzi, hupapita kama garimoshi la usiku lipitavyo kituo kidogo. Jambo hili lasikitisha, kwa kuwa kijana akaaye chuoni husikiliza mihadhara kwa saa chache tu kwa siku. Saa zilizosalia huzipitisha chumbani, mezani na njiani pamoja na wenzake, na huko ndiko lugha yake ya utu uzima hufinyangwa. Makala haya yanakusudia kuyatazama makazi ya aina moja mahsusi: yale yaliyowakusanya vijana mahali pamoja kwa ajili ya shabaha iliyotajwa waziwazi, iwe ni ulinzi, ukulima au ujenzi wa taifa. Mipaka yetu ni Nakuru na majirani zake, Njoro, Naivasha na Gilgil.

Yafaa tuanze kabla ya vyuo. Wamaasai, waliolisha ng'ombe wao katika bonde hili, walikuwa na aina mbili za makao ambazo Kiswahili cha leo kimezichanganya. Boma la familia waliliita *enkang*. *Emanyatta* lilikuwa jambo jingine: kijiji cha wamorani, walimokaa vijana wa rika moja kwa muda wa miaka kadhaa, wakajifunza ulinzi, ufasaha wa baraza na utii kwa rika. Kiswahili kililichukua neno hili la pili, kikaliita manyata, kisha kikalitumia kwa boma lolote la Mmaasai, hata Kisumu mtaa mzima ukaitwa hivyo. Kwa namna hiyo neno lililotaja chuo limekuja kutaja nyumba tu. Miongoni mwa Wakalenjin nako kulikuwa na *menjo*, kibanda cha faragha ambamo vijana wa jandoni walitengwa na kufunzwa na walimu wao maalumu. Hatusemi kwamba taasisi hizi zilikuwa vyuo vikuu kabla ya vyuo vikuu. Madai ya namna hiyo yalipendwa mno zamani na hayakutufaa kitu. Tunasema tu kwamba wazo la kuwaweka vijana pamoja ili makazi yenyewe yawe somo halikuletwa bondeni na mzungu. Alilolileta mzungu ni kuwahamisha wenyewe: kwa mapatano ya 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa la kati, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, na ardhi ikafunguliwa kwa masetla.

Ni juu ya ardhi ya masetla kwamba Lord Maurice Egerton wa Tatton aliasisi shule ya ukulima huko Njoro mwaka 1939. Alitoa ekari 740, na shabaha ilikuwa moja: kuwatayarisha vijana wa Kizungu kuwa wakulima. Mwanafunzi alikaa ndani ya shamba alilokuwa akilisomea. Kwa upande wa lugha hali ilikuwa ya ajabu kidogo. Kiingereza kilikuwa lugha ya darasa na ya meza. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamuru vibarua. Wala hicho hakikuwa Kiswahili sanifu ambacho Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilikuwa imekishughulikia tangu 1930. Kilikuwa kile tukiitacho Kisetla, chenye vitenzi vilivyokwama katika hali ya kuamrisha, na ngeli zilizotupwa kama maganda. Tayari mwaka 1936 F. H. Le Breton alikwisha kutoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, akiwakusudia askari, setla na mfanyabiashara, na haikosi vitabu vya jamii hiyo vilipata wasomaji katika nyumba za Njoro. Wanaisimu wetu wamekicheka Kisetla mara nyingi. Lakini tukumbuke kwamba kibarua Mkikuyu, Mkipsigis, Mluo na Mluhya walipokutana mazizini hawakuzungumza Kisetla. Walikuwa na Kiswahili chao, ambacho bwana mdogo wa bwenini hakukisikia kwa kuwa hakuwa na haja ya kukisikia.

Mwaka 1955 shule ile iliitwa Chuo cha Kilimo cha Egerton, kikatoa cheti cha mwaka mmoja na diploma ya miaka miwili. Mwaka 1958 mfadhili wake aliongeza ekari 1,100, na mwaka huohuo akafariki, bila mrithi. (Yeye mwenyewe alikuwa amejijengea Njoro kasri la vyumba 52, akaishi humo bila mke wala mtoto. Mwanafunzi wa siku za baadaye, aliyelala na wenzake kadhaa katika chumba cha watu wawili, angeweza kupiga hesabu yake.) Baada ya hapo milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika. Hapo ndipo bweni la Njoro lilipogeuka maana. Mtoto wa kibarua aliingia kama mwanafunzi, naye aliingia na lugha ya mazizini. Chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, na mwaka 1987 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Egerton. Kadiri fani zilivyoongezeka, ndivyo ile shabaha moja ya ukulima iliyowafunga wakazi wake ilivyolegea.

Tuhamie Gilgil, ambako jambo ni zito zaidi. Huduma ya Vijana kwa Taifa iliundwa mwaka 1964 ili kuwapa vijana kazi na nidhamu. Miaka 20 baadaye ilipewa wajibu ambao haikuundiwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, ambalo baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walionekana kulishangilia, serikali iliwatazama wanafunzi kwa jicho la shaka. Kuanzia 1984 kila aliyechaguliwa kuingia chuo kikuu cha umma alitakiwa kwanza kukaa miezi michache katika kambi za Huduma, huko Gilgil na Naivasha. Mpango huu uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipoachwa. Tanzania ilikuwa imepitia mambo yanayofanana na hayo kabla: Oktoba 1966 wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa Dar es Salaam kwa kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Tofauti ni kwamba kule ubishi ulikuwa juu ya mshahara na deni la msomi kwa wananchi, na Mwalimu Nyerere alijibu kwa kujikata mshahara wake mwenyewe pia. Kwetu ubishi haukupewa nafasi.

Wengi wameieleza kambi ya Gilgil kama adhabu, na sioni sababu ya kuwapinga. Serikali iliyotaka utii ilitafuta mahali pa kuufundisha. Hata hivyo mwanahistoria wa lugha hana budi kuona jambo jingine ndani yake. Kizazi kile kilikuwa kimesoma kabla ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985 na kulifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima. Wengi wao walikuwa wamefika kidato cha sita bila kutahiniwa katika Kiswahili hata mara moja; Kiingereza ndicho kilichowavusha, nacho kilikuwa hirizi yao. Kambini hirizi hiyo haikufanya kazi. Mkufunzi, ambaye aghalabu elimu yake ya darasani ilikuwa chini ya ile ya kuruta, alizungumza Kiswahili cha kikosi, kilichorithiwa kutoka King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Humo mna afande, neno la Kituruki lililosafiri hadi kwetu. Mna kuruta, kwata na fatiki, maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuvaa kanzu. Daktari wa kesho na mwanasheria wa kesho walijikuta wakiomba ruhusa kwa lugha ambayo shuleni walikuwa wameambiwa kwamba haina faida. Dhamira ya kambi ilikuwa utii, na matokeo yake katika lugha yalikuwa usawa wa aina fulani. Mambo hayo mawili hayafuti lolote kati yao.

Kilichofuata ni mtawanyiko. Mwaka 1990 vyuo vilipokea makundi mawili kwa pamoja, lile la mwisho la kidato cha sita na lile la kwanza la 8-4-4, na mabweni yakafurika. Mwaka 1991 serikali ilianza kumtoza mwanafunzi sehemu ya gharama. Taratibu mwanafunzi wa Njoro akahamia vyumba vya kupanga vya nje ya lango, katika vijiji kama Njokerio. Huko hakuna dhamira iliyotajwa, lakini ipo isiyotajwa. Kijana mgeni hutafuta chumba kwa ndugu, kwa mtu wa kwao, kwa msemaji wa lugha ya mama yake. Katika eneo lililoona mapigano ya kikabila mwaka 1992, tena Januari 1998, tena mapema 2008, jambo hilo si dogo. Jirani wa ukuta mmoja ni bima. Lakini bima hiyo hulipiwa kwa lugha: jioni nzima huweza kupita bila ya Kiswahili, na asubuhi huanza kwa Kiingereza cha mhadhara.

Wakati huohuo wengine walilichukua neno letu wakalijengea nyumba. Mwaka 1972, miaka mitano baada ya Azimio la Arusha, Chuo Kikuu cha Cornell katika jimbo la New York kilifungua makazi yaitwayo Ujamaa, kwa wanafunzi waliotaka kuishi wakiuchunguza urithi wa watu weusi. Yapo hata leo. Huko Vermont, Chuo cha Middlebury kina masomo ya lugha ya majira ya joto, yaliyoanza kwa Kijerumani mwaka 1915, ambapo mwanafunzi huapa kutosema lugha nyingine, chumbani na mezani pia. Ni kinaya kwamba jina la Kiswahili limo juu ya mlango wa bweni la Ithaca, ilhali Njoro, penye mihadhara ya Kiswahili ya kila wiki, mwanafunzi hana chumba ambamo analazimika kuizungumza lugha hiyo akiulizia chumvi.

Hapa pana suala la istilahi. Bweni lataja malazi tu. Dahalia, lenye asili ya Kiarabu, lataja jambo hilohilo kwa heshima zaidi. Hosteli haina hata heshima hiyo. Kambi imebeba harufu ya kwata. Napendekeza manyata, kwa maana yake ya kwanza: makazi ya muda ya rika lenye wajibu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Manyata moja ya Kiswahili Njoro haitahitaji sheria nyingine. Itahitaji jengo moja kati ya yale ya zamani na masharti mawili. La kwanza, asikae humo mwanafunzi wa Kiswahili peke yake, bali wa kilimo na wa uhandisi wawe wengi kuliko yeye. La pili, vyumba vigawanywe kwa kura, ili mtu asichague kabila la atakayelala kitanda cha pili.