Buzwagi, 2007: Hoja Iliyomtoa Mbunge Bungeni

Agosti 2007, katika Bunge la Bajeti mjini Dodoma, Zitto Kabwe alisimama na hoja binafsi. Alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, umri wake miaka 30, kipindi chake cha kwanza. Alitaka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, wilayani Kahama. Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa ameusaini na kampuni ya Barrick mjini London, Februari mwaka huohuo.

Swali la Zitto lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulijibu. Rais Kikwete alikuwa ameahidi kupitia upya mikataba ya madini. Sasa kwa nini mkataba mpya usainiwe kabla ya kazi hiyo kwisha, tena ughaibuni? Waziri alikanusha kufanya kosa lolote. Tarehe 14 Agosti mjadala ukamgeukia mtoa hoja: Bunge likaamua kuwa amesema uongo dhidi ya waziri, likamsimamisha hadi Januari 2008.

Adhabu ile, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoipeleka hoja mitaani. Zitto alirudi Dar es Salaam akapokewa na umati Jangwani, na watu ambao hawajawahi kufungua Hansard wakaanza kuulizana habari za mrabaha, yaani malipo ambayo mgodi huipa serikali kwa madini unayochimba.

Mrabaha wenyewe ulistahili kuulizwa. Kwa Sheria ya Madini ya 1998, dhahabu ilitozwa asilimia 3, na si ya thamani yote. Kwanza ziliondolewa gharama kama za kusafirisha na kusafisha. Chukua dhahabu ya shilingi 100 ambayo gharama zake ni shilingi 5: serikali ilipiga hesabu kwenye 95, ikaondoka na shilingi 2 na senti 85. Nchi ilikuwa inauza mali isiyoota tena, na mwenye mali ndiye aliyesubiri mnunuzi akate gharama zake kwanza. Sioni jina jingine la mpango huo ila dhuluma, hata kama ulipitishwa kihalali.

Novemba 2007, adhabu ikiwa bado haijaisha, Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Zitto. Yaani aliyetolewa ukumbini kwa kuuliza aliitwa kusaidia kutafuta majibu, na kwa hili Kikwete anastahili sifa yake. Kamati ilikabidhi ripoti 2008. Sheria mpya ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4 na, jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hiyo asilimia moja, ikautoza kwenye thamani ghafi, kabla ya kuondoa gharama. Zile shilingi 2 na senti 85 zikawa shilingi 4 kamili.

Mwaka 2017, chini ya Rais Magufuli, mrabaha ulifika asilimia 6, serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 migodini, na Bunge likapewa nguvu ya kudai masharti kandamizi ya mikataba yajadiliwe upya. Wakati huo Buzwagi ilikuwa imebakiza miaka michache tu ya kazi.