Tuhuma za dawa za kusisimua misuli: Kutoka uvumi hadi hukumu

MNAMO Oktoba 13, 2024, Ruth Chepngetich alikata utepe wa mbio za marathoni za Chicago kwa muda wa saa 2:09:56. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kukamilisha umbali huo chini ya saa mbili na dakika kumi. Katika kikao na wanahabari baada ya mbio hizo, mwandishi mmoja wa Marekani alimuuliza angewaambia nini watu wanaoshuku kwamba kasi hiyo haikuwa ya kawaida. Swali hilo liliwaudhi Wakenya wengi, na Shirikisho la Riadha Kenya (AK) likajitokeza kumtetea bingwa huyo.

Miezi tisa baadaye, Julai 17, 2025, Kitengo cha Uadilifu katika Riadha (AIU) kilitangaza kuwa sampuli ya mkojo aliyotoa Machi 14 mwaka huo ilikuwa na haidroklorothiazidi, dawa ya kuongeza mkojo. Oktoba 23, 2025 akapigwa marufuku ya miaka mitatu.

Waliokuwa wamemshuku walijiona wameshinda. Hata hivyo, hukumu hiyo haikugusa mbio za Chicago. Matokeo yaliyofutwa ni ya kuanzia siku sampuli ilipotolewa, ilhali rekodi ya Oktoba 2024 ilibaki vitabuni. Msomaji anayeuliza iwapo rekodi hiyo ilikuwa halali anauliza jambo ambalo kesi hiyo haikulijibu. AIU ilisema itaendelea kuchunguza mambo mengine iliyoyaona kwenye simu ya mwanariadha huyo, lakini kuchunguza ni kuchunguza tu.

Tofauti kati ya shaka, tuhuma na ithibati ndiyo hupotea kila habari za aina hii zinapochipuka. Jina likitajwa redioni asubuhi, jioni mwenyewe amekwisha kuhukumiwa katika kila kibanda cha chai. Yafaa basi kueleza jinsi kesi hizi huanza, huthibitishwaje, na kwa nini nyingine huzidi uzito zinapofika mbele ya majaji kuliko zilivyokuwa maabarani.

Kwanza, lile jina “dawa za kusisimua misuli”, ambalo wengine hulifupisha kwa kusema pufya, hupotosha kidogo. Baadhi ya dawa zinazowanasa wakimbiaji wa Kenya hazigusi misuli. Homoni ya EPO hutengenezwa na figo za kila mtu ili kuuamuru uboho uzalishe seli nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. EPO ya kutengenezwa maabarani ilibuniwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Mkimbiaji akidungwa, damu yake hubeba oksijeni zaidi, naye huchelewa kuchoka. Damu hiyo pia huwa nzito, na moyo ukalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Kipimo cha kuitambua EPO kwenye mkojo kilianza kutumika katika Olimpiki za Sydney mwaka 2000.

Haidroklorothiazidi nayo haimwongezei mtu kasi. Madaktari huwapa wagonjwa wa shinikizo la damu. Imepigwa marufuku michezoni kwa sababu huongeza maji kwenye mkojo na hivyo inaweza kuficha dawa nyingine. Sampuli ya Chepngetich ilikuwa na nanogramu 3,800 kwa mililita, ilhali maabara hutakiwa kuripoti kiwango kinachozidi 20. Mwaka 2015 mjini Beijing, ambapo Kenya iliongoza jedwali la Mashindano ya Riadha ya Dunia kwa dhahabu saba, wakimbiaji wawili wa Kenya, Joyce Zakary na Koki Manunga, walinaswa na furosemidi, dawa ya kundi hilo hilo. Walipigwa marufuku ya miaka minne kila mmoja.

Njia ya kawaida ya kuthibitisha kosa ni sampuli. Mwanariadha hutoa mkojo au damu, ambayo hugawanywa katika chupa mbili, A na B, na kufungwa mbele yake. Chupa A ikionyesha dawa iliyokatazwa, huarifiwa, na ana haki ya kutaka chupa B ifunguliwe. Kusimamishwa kwa muda hufuata, na hapo ndipo magazeti hupata habari. Kusimamishwa huko si hukumu. Kuna jopo la kusikiliza kesi, na baada yake rufaa katika Mahakama ya Mizozo ya Michezo (CAS) yenye makao mjini Lausanne, Uswisi.

Njia ya pili haihitaji dawa ionekane kabisa. Tangu 2009, vipimo vya damu vya mwanariadha huwekwa pamoja kwa miaka katika kile kinachoitwa pasipoti ya kibayolojia. Wataalamu huangalia jinsi hemoglobini na seli changa za damu zinavyopanda na kushuka. Ni muhimu kukumbuka kuwa mtu anayeishi Iten, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ana seli nyekundu nyingi kuliko wa Mombasa bila kumeza chochote. Ndiyo maana kipimo kimoja cha juu hakimtii mtu hatiani. Kinachotafutwa ni mabadiliko ambayo wala mwinuko wala ugonjwa hauwezi kuyaeleza. Kwa njia hiyo Rhonex Kipruto, ambaye daima alikana kutumia dawa, alipigwa marufuku ya miaka sita mnamo Juni 2024. Alipoteza rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani, dakika 26:24, pamoja na nishani ya shaba ya mita 10,000 aliyopata Doha mwaka 2019.

Ya tatu ni kutopatikana. Wanariadha wa daraja la juu hutakiwa kueleza watakuwa wapi kila siku na kutaja saa moja ambapo wapimaji wanaweza kubisha hodi. Makosa matatu ndani ya miezi 12 yanatosha kuleta adhabu, hata kama hakuna tone la dawa lililopatikana. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, aliadhibiwa kwa njia hii Julai 2020. Angalikuwa na kosa hilo peke yake ingalikuwa nafuu. Kueleza kwa nini alikosekana mwezi Mei 2019, alitoa picha ya lori lililopinduka barabarani. Wachunguzi wakagundua kuwa ajali hiyo ilitokea Agosti 2019, miezi mitatu baada ya siku iliyozozaniwa. Akapewa miaka minne.

Hapa ndipo kesi za Kenya zilipo na funzo la pekee kwa mawakili, maana utetezi mara nyingi umekuwa mbaya kuliko shtaka. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki, jijini Rio mwaka 2016, alinaswa na EPO Februari 28, 2017 na kufungiwa miaka minne. Alikuwa amewasilisha hati za matibabu ambazo hospitali husika ilisema si zake. Mwaka 2019 adhabu ikawa miaka minane. Lawrence Cherono, mshindi wa Boston na Chicago mwaka 2019, alieleza kuwa alimeza dawa za mkewe kimakosa. Stakabadhi alizozileta zikaonekana kuwa za kughushi, naye akapata miaka saba. Chepngetich alisema alikunywa dawa ya mjakazi wake. AIU haikushawishika, na ikasema kuwa hata hivyo kumeza dawa ya mtu mwingine bila kuuliza ni uzembe unaokaribia kukusudia. Alipunguziwa mwaka mmoja kati ya minne kwa kukiri mapema.

Kanuni inayowashinda wengi kuielewa ni kuwa mwanariadha anawajibika kwa kila kitu kinachopatikana mwilini mwake, awe alikijua au hakukijua. Mshtaki hahitaji kuthibitisha nia. Ni mwanariadha anayepaswa kueleza dawa iliingiaje. Ni sheria kali, na kwa kijana aliyeacha shule mapema na kutibiwa katika kliniki ya sokoni, inaweza kuwa katili. Lakini bila sheria hiyo kila mtu angesema hakujua.

Kesi ya Asbel Kiprop inaonyesha upande mwingine. Bingwa huyo wa dunia wa mita 1,500 mara tatu alipimwa Iten Novemba 27, 2017, na EPO ikapatikana. Alikana, akadai kuwa wapimaji walimwarifu mapema na kupokea pesa kutoka kwake. AIU ilikiri kwamba alipewa taarifa ya mapema, kinyume na kanuni, na ikasema imesikitishwa. Majaji waliamua kuwa dosari hiyo haikuelezea EPO iliyokuwa kwenye mkojo, wakamfungia miaka minne Aprili 2019. Mtu anaweza kuikubali hukumu hiyo na bado akauliza kwa nini mpimaji alipiga hodi kabla ya wakati.

Kabla ya kesi hizi, Kenya ilikuwa imekana mengi kwa miaka mingi. Mwaka 2012 runinga ya ARD ya Ujerumani ilidai kuwa EPO inauzwa kwa wakimbiaji humu nchini. Wakuu wa riadha wakapuuza. Agosti 2015, ARD na gazeti la Sunday Times la Uingereza zilichapisha uchanganuzi wa vipimo 12,000 vya damu vya wanariadha 5,000 wa mataifa mbalimbali, Kenya ikiwamo. Shirikisho la Riadha Duniani (wakati huo IAAF) lilijibu kuwa takwimu hizo si ithibati, na katika hilo halikukosea. Kosa la Kenya lilikuwa kudhani kuwa tuhuma isiyothibitishwa haihitaji kuchunguzwa. Wakati huo Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alikuwa tayari amenaswa na EPO katika kipimo cha Septemba 2014.

Mwezi Mei 2016 Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani (WADA) lilitangaza kuwa Kenya haitimizi masharti, ingawa Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametia saini sheria mpya mwezi uliotangulia. Sheria ikarekebishwa, na nchi ikaruhusiwa tena mapema Agosti, Olimpiki za Rio zikiwa mlangoni. Ripoti ya WADA ya 2018 ilihesabu Wakenya 138 walionaswa tangu 2004, na ikasema kuwa hapa hakuna mpango wa serikali kama wa Urusi, bali ni mambo ya kubahatisha yasiyo na uratibu. Novemba 2022 hofu ya kufungiwa ilirejea. Serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano.

Wanaotajwa kwa nadra ni walioshindwa. Kiprop mwenyewe alikuwa mmoja wao. Beijing mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 19, alimaliza wa pili nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Sampuli ya Ramzi ilipopimwa upya ilionyesha aina mpya ya EPO, na Novemba 2009 akanyang'anywa dhahabu, ikawa ya Kiprop. Wimbo wa taifa haukupigwa uwanjani siku ile.

Jeptoo alipovuliwa ushindi wa Boston wa 2014, mshindi akawa Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyekimbia saa 2:19:59, ambayo ikawa rekodi ya njia hiyo. Zawadi yake, dola 75,000 za ziada juu ya alizopewa kwa nafasi ya pili pamoja na dola 25,000 za rekodi, hakulipwa. Mwaka 2024, miaka kumi baada ya mbio hizo, alikuwa angali anazidai, na aliyemtumia dola 75,000 mwaka huo hakuwa mwandalizi wa mbio wala aliyemnyang'anya ushindi, bali shabiki wa riadha aliyesoma habari zake gazetini.