Waganga na matabibu katika vita vya Ziwa Tanganyika (1965)

Waganga na matabibu wa vita vya Ziwa Tanganyika walikuwa watu waliowahudumia wapiganaji wa Simba kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika mwaka 1965, upande wa Kongo. Walikuwa wa aina mbili. Kwanza walikuwepo waganga wa kienyeji, waliowapaka wapiganaji dawa ya kuzuia risasi. Pili walikuwepo madaktari kutoka Kuba, waliovuka ziwa usiku wakitokea Kigoma nchini Tanzania. Mmoja wa madaktari hao alitambulishwa kwa jina la Tatu. Jina lake halisi lilikuwa Ernesto Guevara, maarufu kama Che.

Habari za waganga na madaktari hao husimuliwa mara chache peke yake, kwa kuwa wasomaji wengi hupendezwa zaidi na Che mwenyewe. Hata hivyo zinaeleza vizuri kwa nini kikosi hicho hakikudumu: wapiganaji waliutegemea sana ulinzi wa mganga mmoja na hawakujua namna ya kuutumia msaada wa mwingine.

Chanzo cha vita

Uasi wa Simba ulianza mashariki mwa Kongo mwaka 1964, miaka michache baada ya kuuawa kwa waziri mkuu Patrice Lumumba. Kati ya viongozi wake walikuwemo Gaston Soumialot, Christophe Gbenye na Laurent-Désiré Kabila, ambaye mwaka 1997 alikuja kuwa rais wa nchi. Albertville, yaani Kalemie ya leo, ilitekwa na waasi Juni 1964, na Stanleyville (Kisangani) ikafuata mwezi Agosti. Kabla ya mwaka kwisha miji yote miwili ilikuwa imerudi mikononi mwa serikali, iliyosaidiwa na mamluki wa Kizungu, askari wa miavuli wa Ubelgiji na ndege za Marekani.

Waasi waliosalia katika milima ya Fizi na kando ya ziwa walitegemea njia moja tu ya kupata silaha, chakula na dawa za hospitali: maboti ya kutoka Kigoma. Mji huo una bandari na ni mwisho wa reli ya kati inayotoka Dar es Salaam. Ukawa ghala lao, njia yao na pia mahali pa kupumzikia, jambo ambalo lilikuja kuwaletea matatizo.

Dawa ya Simba na masharti yake

Imani ya dawa ya vita haikuanza na Simba. Katika Vita vya Maji Maji (1905-1907) kusini mwa Tanzania, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wapiganaji wa Simba nao walipiga kelele ya "Mai Mulele", maana yake "maji ya Mulele", kwa jina la Pierre Mulele aliyeongoza uasi wa Kwilu magharibi mwa Kongo. Hakuna haja ya kudhani kwamba imani moja ilizaa nyingine moja kwa moja. Wazo la maji kuishinda risasi limeonekana sehemu nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki.

Kwenye mwambao wa ziwa mganga alimmwagia mpiganaji maji yaliyochanganywa na majani na vitu vingine, akamfanyia ishara, na mara nyingi akampaka alama ya mkaa kwenye paji la uso. Tangu hapo mpiganaji alihesabiwa kuwa salama dhidi ya silaha za adui. Lakini ulinzi huo ulikuwa na masharti. Asiguse kitu kisicho chake. Asimguse mwanamke. Asiogope. Sehemu nyingine yaliongezwa mengine, kama kutogeuka nyuma wakati wa mapigano.

Masharti hayo yana akili ndani yake. Jeshi lisiloiba linapendwa na wanakijiji, askari asiyegeuka nyuma hakimbii, na anayejiamini hupiga hatua mbele. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1964 imani hiyo iliwasaidia sana Simba, kwa sababu askari wa serikali wenyewe waliiamini na kukimbia kabla ya risasi ya kwanza. Mamluki wenye bunduki za rashasha hawakuiamini, na hapo ndipo ilipoanza kupungua nguvu.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwamba dawa haikuweza kushindwa. Aliyekufa alikuwa ameogopa, au ameiba, au amelala na mwanamke. Aliyejeruhiwa naye vilevile. Hivyo majeruhi alibeba aibu juu ya kidonda, na wenzake hawakupata nafasi ya kujifunza kutokana na kosa lililofanyika kweli, kama vile kusimama wima mbele ya bunduki au kufyatua risasi ovyo macho yamefumbwa.

Daktari Tatu avuka ziwa

Guevara alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires mwaka 1953. Katika vita vya Kuba aliingia akiwa tabibu wa kikosi. Mnamo Desemba 1956, siku chache baada ya meli ya Granma kufika pwani, kikosi kilishambuliwa huko Alegría de Pío. Mbele yake palikuwa na sanduku la dawa na sanduku la risasi, naye hakuweza kubeba yote mawili. Alichukua la risasi. Tangu siku hiyo alikuwa mpiganaji kwanza na daktari baadaye.

Alifika Dar es Salaam mwezi Aprili 1965 kwa siri pamoja na Víctor Dreke na José María Martínez Tamayo. Wakajipa majina ya vita kutoka kamusi ya Kiswahili: Dreke, aliyekuwa kamanda kwa jina, akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, naye Guevara akawa Tatu. Wakongo waliambiwa kuwa Tatu ni daktari na mkalimani wa Kifaransa. Cheo hicho kilifaa kumficha, maana hakuna aliyeshangaa kuona daktari wa Kizungu akipewa heshima kuliko wenzake.

Kundi la kwanza, Wakuba wachache tu, lilisafiri kwa gari hadi Kigoma na kuvuka ziwa usiku. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965 walishuka Kibamba, kijiji kilicho chini ya milima mikali inayoinuka moja kwa moja kutoka majini. Baadaye idadi ya Wakuba ilipita 100, na majina ya namba hayakutosha tena.

Zahanati ya Kibamba

Kati ya waliofika mwanzoni alikuwemo daktari Rafael Zerquera, jina lake la vita Kumi. Yeye na Tatu walianza kutibu watu mara moja. Walichokiona kiliwashangaza. Majeruhi wa vita walikuwa wachache. Wagonjwa wengi walikuwa na kisonono na magonjwa mengine ya zinaa, ambayo wapiganaji waliyapata walipokwenda kupumzika Kigoma. Wengine walikuwa na majeraha ya risasi yasiyotokana na adui: bunduki ilichezewa, au mwenye bunduki alikuwa amelewa pombe. Walikuwepo pia wagonjwa wa malaria na wa kuhara damu, na Wakuba wenyewe hawakupona. Guevara aliumwa homa kali wiki za mwanzo, na pumu ilimsumbua muda wote. Alipoondoka alikuwa amekonda sana.

Dawa za hospitali hazikukosekana kabisa. Shehena kutoka Umoja wa Kisovyeti ilifika ufukoni, lakini ilimwagwa mchangani pamoja na chakula na silaha, na wajumbe wa vikundi mbalimbali wakaja kudai fungu lao bila orodha wala mpango. Madaktari walitumia siku kadhaa wakichambua maboksi. Kazi ya tabibu katika vita ni pamoja na hiyo ya ghala, ingawa haipendezi kusimuliwa.

Kijana wa leo aliyezoea michezo ya kompyuta ya kupigana kwa timu anajua kanuni yake: tabibu hukaa nyuma kidogo ya wapiganaji, wao humlinda, naye huwarudisha vitani. Huko Kibamba mpangilio huo haukuwepo. Zahanati ilikuwa ufukoni, wapiganaji walikuwa juu ya milima, na kati yao palikuwa na saa nyingi za kupanda kwa miguu. Hakukuwa na utaratibu wa wabeba machela.

Shambulio la Front de Force

Tarehe 29 Juni 1965 kikosi cha Wakuba, Wakongo na Watutsi wakimbizi kutoka Rwanda kilishambulia kambi ya Front de Force huko Bendera, penye kituo cha umeme wa maji. Dreke aliongoza. Guevara hakupata ruhusa ya Kabila ya kwenda. Shambulio lilishindwa vibaya. Wapiganaji wengi walitoroka kabla ya mapigano au bila kufyatua risasi, na Wakuba wanne waliuawa. Karatasi zilizokutwa kwenye miili yao zilimjulisha adui kuwa Wakuba wamo vitani.

Kisha ikaja kesi ya mganga. Wapiganaji walisema dawa yake ilikuwa mbaya. Mganga akajitetea kwa sababu zile za kawaida, yaani wanawake na woga. Lakini huko mstarini hapakuwa na wanawake, na si wote waliokuwa tayari kukiri mbele ya wenzao kwamba waliogopa. Akaondolewa, na kazi ikawa kumtafuta mganga mwingine mwenye nguvu zaidi.

Tukio hilo linaonyesha jambo ambalo wapenzi wa hadithi za ushirikina huliacha. Mganga hakuwa juu ya kikosi; alikuwa mtumishi wake, na angeweza kufukuzwa kama kocha wa timu iliyofungwa. Kilichobaki bila kuhojiwa ni dawa yenyewe. Guevara alijaribu kulizungumza jambo hilo na Wakongo, akaona wanalichukua kama ukweli ulio wazi, hata wale wenye elimu ya siasa. Hofu yake ilikuwa kwamba siku moja, baada ya kushindwa kwenye vifo vingi, lawama ingehamishiwa kwa Wakuba. Hata hivyo hakuipiga vita waziwazi.

Matabibu na wanakijiji

Pale ambapo madaktari walifanikiwa zaidi ni vijijini. Wakulima wa milimani walikuwa hawana huduma yoyote ya afya. Katika safari zake Guevara aliwachoma sindano za penisilini na kuwapa vidonge vya malaria, nao wakawapokea wapiganaji vizuri. Hakuna mkutano wa siasa uliofanya kazi kama hiyo. Lakini ilitegemea akiba ndogo iliyopita ziwani, na maboti ya doria ya adui yalizidi kuifunga njia hiyo.

Soumialot alipotembelea Havana aliomba apewe madaktari 50. Mwezi Oktoba waziri wa afya wa Kuba, José Ramón Machado Ventura, alivuka ziwa kuja kujionea mwenyewe. Guevara alimshauri wasitumwe. Ushauri huo unaweza kuonekana wa kikatili kwa mtu aliyesomea udaktari, lakini yeye alikuwa ameona mstari wa mbele ukivunjika, na daktari asiye na wa kumlinda ni mateka tu.

Mwisho wa kambi

Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare waliteremka Baraka, na mwezi uliofuata Fizi ikaanguka. Tarehe 24 Oktoba 1965 kambi ya Guevara ilishambuliwa ghafla. Mkuba aliyeitwa Bahaza alipigwa risasi ya mapafu. Wenzake walimbeba kwa saa nyingi kwenye miteremko yenye utelezi, kazi ambayo iliwamaliza nguvu watu waliokuwa tayari wagonjwa. Alifariki hata hivyo.

Wakati huohuo serikali ya Tanzania iliwataka Wakuba waondoke, baada ya nchi za Afrika kukubaliana huko Accra kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1965 maboti yaliwarudisha upande wa Kigoma. Nafasi haikutosha kwa Wakongo wote waliotaka kupanda, na wengi waliachwa ufukoni. Guevara alikaa miezi kadhaa katika ubalozi wa Kuba jijini Dar es Salaam akiandika kumbukumbu zake, ambazo zilichapishwa kwa Kihispania mwaka 1999 tu. Habari nyingi za waganga wa kambi zinajulikana kutokana na kitabu hicho, kwa hiyo zimepita kwenye macho ya mgeni aliyejua Kiswahili kidogo. Waganga wenyewe hawakuacha maandishi.

Baadaye

Aliyemfundisha Tatu Kiswahili alikuwa kijana Mkongo, Freddy Ilanga, mwenye umri wa miaka 16 hivi. Baada ya vita alipelekwa Kuba, akasomea udaktari na kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo. Alifariki huko mwaka 2005.

Dawa ya maji nayo iliendelea. Tangu miaka ya 1990 vikundi vya wapiganaji wa Kivu, maarufu kama Mai-Mai, vimechukua jina lake, na masharti ya mganga bado hutolewa kabla ya mapigano katika baadhi ya vikundi hivyo.